Mzee wa Kwetu

Salale
9 Juni 2024

Mdogo wangu Abdulswamadu,

Assalaam alaykum. Baba anaondoka kesho maji yakijaa, kwa boti ya Sadala hadi Nyamisati, kisha basi mpaka kwako. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Nimeibandika kwa uji ili asiifungue, maana humu namsema yeye.

Nisingeandika kama ningeweza kupiga simu. Lakini mtandao wa huku unaujua, unashika pale bandarini tu, na pale ukitaja hospitali, kabla hujakata simu habari ishafika msikitini. Baba hataki ijulikane. Watu wote kawaambia anakwenda kupumzika kwako na kumwona mjukuu. Juzi kaja mama mmoja kutoka Mbwara na mtoto wake anaumwa tumbo. Baba kamchemshia dawa, kampa na maelezo yote, huku mkono mmoja kaushikilia ubavuni pale penye uvimbe. Yule mama alipoondoka nikamwambia, "Baba, si useme tu kwamba na wewe unaumwa?"

Kanijibu, "Semeni mwanangu, wakijua mganga kapanda boti kufuata hospitali, watasema miaka yote nilikuwa nawadanganya." Kisha kainamisha kichwa. Sijapata kumwona Baba akiinamisha kichwa mbele yangu.

Tangu daktari wa Kibiti alipotusomea majibu, kwamba ni saratani ya ini na haitolewi kwa kisu, hakuna kilichompa nguvu ila ile simu yako, uliposema hapo kwenu kuna mashine ya mionzi na wewe ni mmoja wa wanaoiendesha. Tangu hapo ukimuuliza hali anasema, "Nakwenda kwa mwanangu," kama vile hilo ndilo jibu.

Mpokee vizuri. Akisema kashiba usimwamini. Na kofia yake ya kuswalia asiisahau kwenye basi.

Dada yako,
Semeni


Dar es Salaam
23 Juni 2024

Dada Semeni,

Waalaykum salaam. Baba alifika salama, na kofia anayo. Nimempatia chumba kwenye hosteli ya wagonjwa, hatua chache tu kutoka hospitali. Najua ungependa akae kwangu, lakini mimi nakaa mbali, na foleni ya asubuhi ingemchosha kabla hajaiona hata mashine.

Wamempima upya na kumchora alama za wino tumboni, ambazo hatakiwi kuzisugua akioga. Anaingia kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Analala kwenye kitanda chembamba, sisi tunatoka nje, mashine inamzunguka, basi. Haumii. Ugumu uko kwenye ini lenyewe: halivumilii mionzi mingi. Ukiizidisha ili uumalize uvimbe, unaliua na ini lililobaki zima. Kwa hiyo Dkt. Hajira, ambaye ndiye mkubwa wetu, anampima damu kila wiki.

Wauguzi wanampenda. Amewafundisha kuchagua kamba wabichi kwa kuwatazama macho, na sasa wakitoka sokoni wanakuja kumwonyesha.

Jioni wagonjwa wakiisha nabaki na Dkt. Hajira kwenye utafiti wake. Seli za saratani ya ini zinakuzwa kwenye visahani, zinatiwa kitu kilichokamuliwa kwenye mmea, kisha mimi naziweka chini ya mashine ile ile. Tunatafuta mmea utakaozilegeza, ili mionzi kidogo ifanye kazi ya mionzi mingi. Bado ni mambo ya visahani, hayajamfikia mtu. Nakueleza ili ujue kwa nini kuna siku nashindwa kukaa na Baba.

Usiwe na wasiwasi.

Ndugu yako,
Abdulswamadu


Dar es Salaam
1 Julai 2024

Mwanangu Semeni binti Mshamu,

Salamu zikufikie wewe na wanao wote. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, usome polepole.

Mashine nimeizoea. Inavuma kama nyuki walio mbali. Chakula kipo. Abdulswamadu ana kazi nyingi na watu wanamheshimu. Hapa mimi namwita Daktari, kama wagonjwa wenzangu wanavyomwita. Imependeza hivyo.

Sasa nina jambo. Kwenye ile korido tunapokaa kungoja zamu pana bango kubwa ukutani. Maneno yake ni ya Kiingereza, siyajui, lakini katikati yake nimeona neno la kwetu: mkomafi. Na picha ya tunda lake, na picha ya ini, na picha ya mashine. Chini yake majina ya watu, na moja ni la mdogo wako. Nililisoma herufi moja moja mpaka nikahakikisha. Nililia, mwanangu, na haikuwa huzuni. Dawa yangu ya matumbo imefika mpaka huku, na aliyeileta ni yeye. Alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye mikokoni kubandua magome yake, ananishikia kapu, nikidhani akili yake yote iko kwenye mpira.

Nimengoja aniambie niinywe. Haniambii. Nadhani kazi yake haimruhusu kutamka kwa mdomo, lakini kaiweka ukutani, pale pale ninapoketi kila siku. Nimeelewa.

Basi nitumie magome ya mkomafi. Chukua kwenye ule mti mkubwa wa ng'ambo ya shamba letu, upande usiopigwa na jua. Yakaushe, uyatwange. Mpe Hemedy, kondakta wa basi la Nyamisati, huyo ni mwaminifu. Mdogo wako usimwandikie habari hii, asije akaulizwa na wakubwa wake.

Baba yako,
Mshamu


Salale
7 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mzigo wako ndio huo. Magome yamo katikati ya mchele mpya, na juu nimeweka kamba wakavu, ili mtu akifungua asikie harufu aache.

Nimefurahi, Baba, mpaka nimewapikia watoto wali wa nazi siku ya kazi, wakaniuliza kuna sikukuu gani. Kunywa kama ulivyozoea kuwapa wengine, asubuhi na jioni. Watu wanakuulizia. Nawaambia unakula samaki wa mjini na kulala mchana.

Mwanao,
Semeni


Dar es Salaam
19 Julai 2024

Dada,

Nakuandikia haraka. Baba amelazwa. Macho yake yamegeuka ya njano, chakula hakimpiti, na vipimo vya ini vimepanda vibaya. Dkt. Hajira amesimamisha mionzi. Anadhani ini limeshindwa kuivumilia, na kama ni hivyo hatutaendelea tena. Atarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Unaelewa maana yake.

Kitu kimoja kinamtatiza: hali imebadilika mapema mno, kabla ya wakati ambao mionzi huleta shida ya namna hii. Muuguzi Mwanasiti alimuuliza mbele yangu, "Baba, kuna dawa yoyote ya kienyeji unayokunywa?" Akanitazama mimi kwanza, kisha akamjibu, "Hapana. Mimi mkulima wa mpunga."

Dada, kuna kitu mnanificha? Kama kipo, niambie mimi. Usimwambie mtu mwingine yeyote wa hapa, na tafadhali usitaje kazi ya Baba. Watu wa hapa hawaielewi.

Abdulswamadu


Salale
29 Julai 2024

Swamadu,

Sikukujibu kwa sababu nilikuja mwenyewe. Nilipanda boti siku niliyopata barua yako. Nikafika hapo kwenu Jumatano mchana, nikaambiwa umekwenda maabara, nikaelekea wodini. Nikamkuta huyo Mwanasiti.

Nikamwambia, "Mie dada yake Abdulswamadu. Nimekuja kumwona baba yetu."

"Baba yenu nani?"

"Mzee Mshamu."

Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. "Ahaa, mzee wa kwenu! Abdul alituambia ni jirani yenu huko kijijini, hana watu. Afadhali umekuja."

Hana watu. Na mie nimesimama pale na bakuli la wali mkononi.

Unajua nilimjibu nini? Nikasema, "Ndiyo, ni jirani. Ila sisi wote tunamwita baba." Kwa mdomo wangu huu. Nilikuja na maneno ya kukupigania wewe na Baba, nikaishia kukusitiria uongo wako. Kisha nikaenda mpaka kitandani kwa Baba.

Baba alikuwa wa njano kama mtu aliyepakwa bizari. Nikamuuliza, "Ni kweli kakukana?" Akaniambia nipunguze sauti. Akasema, "Kijana ana kazi yake. Siku ile ya kwanza madaktari walisimama wengi, nikamwona uso wake, nikajua. Nikamsaidia." Amekusaidia, Swamadu! Kisha akasema, "Wote humu wananiita baba. Wauguzi, wafagiaji, hata daktari mkubwa. Baba geuka, baba lala hivi. Ni yeye tu anayeniita mzee. Anaogopa ulimi usimteleze." Akatabasamu, na mie nikageukia dirishani.

Sasa sikiliza na la kwangu. Magome ya mkomafi kayanywa, na aliyeyatuma ni mie. Nimeyatwanga kwa mikono yangu. Alinikataza nisikwambie nami nikatii, na ulipouliza kama tunakuficha kitu nilikuwa nalijua jibu. Ini la baba yangu limeungua, na mie nimelitia kuni. Hilo nitalibeba. Lakini unajua kwa nini aliyataka? Kwa sababu ya bango lenu. Aliona mti wake na jina lako, akaamini unamwelekeza kwa siri dawa ya kunywa. Kila siku unampitisha hapo, na hukuwahi kumwambia hata neno moja.

Nimelitazama bango hilo. Majina manne, la Baba halimo. Nikamwomba dada mmoja aliyekuwa anangoja zamu anisomee. Kaniambia pameandikwa kwamba mti huu hutumiwa na watu wa pwani. Watu wa pwani ndio nani, Swamadu?

Magome yaliyobaki kwenye kopo lake nimeyachukua, nikamwambia Baba asiguse tena. Nilitaka kumweleza daktari, nikafika mpaka mlangoni kwake. Lakini nikisema magome, ataniuliza ni ya nani. Nikisema ni ya nani, itabidi niseme wewe ni nani. Nikaogopa kukuharibia kazi, nikageuka nikarudi Salale bila kukungoja. Kwa hiyo mie na wewe tumefanana.

Ila wewe uko hapo na mie niko huku. Sema, na useme upesi. Daktari anataka kumrudisha Baba nyumbani akafie huku kwa sababu ya kitu asichokijua.

Semeni


Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Dada,

Bado sijasema.

Niliingia ofisini kwa Dkt. Hajira nikiwa nimeyapanga maneno yote. Akauliza, "Nini, Abdul?" Nikamuuliza habari za visahani. Akanijibu, nikashukuru, nikatoka. Siku ya pili nilimkuta kwenye ngazi, akasema nimekonda, nipumzike. Nikasema ni malaria.

Vipimo vya Baba vimeshuka kidogo tangu uchukue lile kopo. Dkt. Hajira ameona, ila hajui sababu, na hawezi kumrudisha kwenye mionzi kwa kubahatisha. Wiki ijayo ataruhusiwa kurudi Salale. Mimi ndiye niliyetumwa kuuliza habari za usafiri wake.

Sijui nina nini.

Abdulswamadu


Salale
9 Agosti 2024

Swamadu,

Nimeisoma barua yako. Usiniandikie tena mpaka uwe umesema.

Semeni


Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Dada Semeni,

Nimesema. Nitakueleza yote, hata yale ambayo ningependa usiyajue.

Nianze na siku ile ya kwanza. Asubuhi yake tulikuwa kwenye kikao, wakazungumzia mgonjwa aliyecheleweshwa kwa mganga hadi hakuna la kumfanyia. Mwenzetu mmoja akaigiza mganga anavyotikisa kichwa na kunung'unika. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilihisi nisipocheka wataniona. Tukatoka nje, na kwenye benchi alikuwa amekaa Baba, na kanzu yake, na hirizi yake mkononi. Akainuka kunipokea. Dkt. Hajira akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikasema, "Ni mzee wa kwetu." Nikajiambia hapo sijadanganya. Akauliza, "Ndugu yako?" Nikasema, "Jirani tu. Hana watu." Baba alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaugeuza, akawa kama anajifuta jasho, akasema, "Shukrani, Daktari, kwa kunielekeza."

Na mkomafi, mimi ndiye niliyempa Dkt. Hajira jina lake, mwaka juzi. Aliniuliza nimelipata wapi. Nikasema nimesoma mahali. Nilisoma wapi mimi, Dada? Kwenye matope ya Salale, nikiwa nimeshika kapu. Ndiyo maana Baba alipotokea koridoni niliogopa mara mbili. Bango lilikuwa nyuma ya kichwa chake.

Jumatatu iliyopita madaktari walipopita wodini, Dkt. Hajira aliketi kwenye kitanda cha Baba akamweleza kwamba wamefika mwisho wa wanachoweza, na kwamba atarudi nyumbani. Baba akasema, "Nashukuru, binti yangu. Mmenihangaikia." Akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu, chini ya kitanda, kana kwamba anaondoka saa hiyo. Sijui ni kitu gani kilinigusa kwenye mguu ule. Nikasema kwa sauti iliyozidi, "Daktari, asiruhusiwe. Alikuwa anakunywa magome ya mkomafi."

Wote wakanigeukia. "Umejuaje?"

"Ni baba yangu. Ni mganga. Mti ule ni dawa yake, mimi niliutoa kwake."

Baba akajiinua kwenye mto. Akamtazama Dkt. Hajira, akasema kwa upole kabisa, "Msimlaumu Daktari. Ni kijana mwenye huruma, anataka nitibiwe. Lakini mimi si baba yake. Mimi ni jirani."

Nikasema, "Baba."

"Usijiharibie kazi, kijana."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, Dada. Alikuwa ameishika nafasi ya jirani aliyopewa na hakutaka kuiacha. Nilipiga magoti nikamshika miguu, pale mbele ya wauguzi na wagonjwa wengine. Nikataja jina la mama yetu, nikataja alipozikwa, nikataja wewe. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka na sikuwa na leso. Mwishowe akafumba macho, akasema, "Haya. Ni wangu."

Dkt. Hajira alinitoa nje. Ningependa angenipigia kelele. Aliniambia, "Kazi ya baba yako hainisumbui. Nusu ya wagonjwa wangu wamepita kwa waganga, na wakiulizwa vizuri wanasema. Wewe umenitazama nikihangaika na vipimo vyake siku zote hizi, na jibu unalo." Kisha akaniuliza kama nakumbuka visahani vilionyesha nini. Nakumbuka. Mkomafi ulizilegeza seli za saratani mbele ya mionzi, kweli, lakini uliziumiza na zile nzima. Bangoni pameandikwa kwamba tusipojua kiasi gani, na kiini gani hasa ndani ya gome, hakuna awezaye kusema kitafanya nini kwenye ini lililochoka. "Sentensi hiyo uliiandika wewe," akasema. Kweli niliiandika mimi. Kwa Kiingereza, ukutani, juu ya kichwa cha Baba.

Nimetolewa kwenye utafiti na nimepewa barua ya onyo. Kazi ya mashine nimeachiwa. Mwanasiti ananijibu ninapomuuliza jambo la kazi, zaidi ya hapo hapana.

Baba hakurudishwa Salale. Wanasubiri ini litulie zaidi, kisha watamalizia mionzi iliyobaki. Dkt. Hajira hakunificha: muda tuliopoteza umeupa uvimbe nafasi, na umeongezeka kidogo. Hilo ni langu. Wewe ulituma magome hujui. Mimi nilijua nikakaa kimya karibu wiki mbili.

Tangu juzi anakaa kwangu. Nilipomwambia twende alichukua mfuko wake tu. Anacheza na mjukuu wake, anamfundisha kuhesabu kwa Kindengereko, nasikia wanacheka. Nikiingia, wananyamaza wote wawili.

Ndugu yako,
Abdulswamadu


Salale
8 Desemba 2024

Mwanangu Abdulswamadu,

Waalaykum salaam. Barua yako ya kuniomba radhi niliipata siku nyingi. Nilikaa nayo. Semeni alitaka kunijibia nikamkataza, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Habari ya mwili: tangu nimalize mionzi maumivu ya ubavu yamepungua, nalalia upande wowote. Dkt. Hajira kaniambia kwenye kipimo cha mwezi uliopita kwamba uvimbe umesinyaa lakini upo. Nilimuuliza nitakuwa na muda gani. Akasema hajui, nami nikampenda kwa jibu hilo, maana mimi watu walikuwa wakiniuliza hivyo nilikuwa najifanya najua. Kaniomba nifikiri kama nitakubali aje na wenzake wauone mti, niwaeleze ninavyoutumia, na jina langu liandikwe. Nimemwambia waje. Ila nitawaeleza na macho yangu yalivyogeuka, waandike na hilo.

Habari ya watu: wameshajua. Tabu, yule mkaanga samaki wa bandarini, alimleta mumewe, tumbo limejaa na macho ya njano. Nikamwambia ampeleke hospitali Kibiti bila kuchelewa. Akasema, "Sisi tumekuja kwako, Mzee Mshamu." Nikamwambia, "Mimi mwenyewe nimetoka hospitali. Ini langu lilikuwa hivyo hivyo, nimechomwa na mashine." Walikuwepo na wengine wanangoja, wote walisikia. Tabu akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Akamshika mumewe mkono wakaondoka, hata kwaheri hapana. Kesho yake Sadala akaniambia aliwavusha kwenda Nyamisati, na walikuwa wanaulizia basi la Kibiti. Sijui kama wamewahi. Siku hizi wanaokuja kwangu ni wachache, na wapo wanaocheka nikipita. Nimeona mtu hafi kwa kuchekwa.

Sasa lile lako. Umeandika kwamba unashukuru nilikusamehe pale pale wodini. Hapana, mwanangu, pale sikukusamehe. Pale nilikuwa nakusaidia, kama nilivyokusaidia siku ya kwanza. Sikukusamehe hata nilipokaa kwako. Iliniuma sana. Nilikuwa nikirudi hosteli jioni najiuliza ni kipi nilichokufanyia, na sikukipata. Nilikuwa nakuona umesimama na wenzako, umevaa koti jeupe, nataka kumwambia mgonjwa wa pembeni yangu, yule pale ni wangu, nikawa nayameza maneno.

Huku nyumbani ndiko nimeanza kuelewa kidogo. Mimi nilidanganya kijiji kizima kwamba nakwenda kupumzika. Niliogopa watu wa Salale kama wewe ulivyowaogopa wale wenzako. Huenda umejifunza kwangu, kama ulivyojifunza mti. Basi nimeanza kukusamehe, lakini bado sijamaliza, na sitaki kukudanganya kwamba nimemaliza.

Vuli imenyesha na tumeanza kusafisha shamba la mpunga. Mimi nachoka upesi. Nakaa juu ya dungu la kulindia mpunga natazama tu, Semeni anafyeka peke yake. Chukua likizo uje. Dada yako hajasema kama atakupokea. Jina lako likitajwa anainuka anakwenda jikoni. Kama unaona haya, njoo ukiona haya hivyo hivyo, shamba ni kubwa na mvua haitungoji.

Mimi baba yako,
Mshamu